Mazoezi ya Harusi Kilimani Madale

Nilipohamia Dar es Salaam nilikuja na begi zima la masweta. Mama yangu ndiye aliyelipanga. Kwetu Njombe mtu hafungashiwi safari bila sweta, na nilipomwambia kwamba Dar kuna joto, alinijibu kwamba joto la mchana halijawahi kumsaidia mtu alfajiri. Usiku wangu wa kwanza mjini nililala sakafuni, juu ya saruji tupu, nimevaa kaptula, na begi la masweta limefungwa zipu pembeni kama mgeni ambaye hajui kwa nini ameletwa.

Nilikuja kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa kazi: nilipata nafasi ya ukarani wa ghala katika kiwanda kimoja cha rangi huko Chang'ombe. Ya pili ilikuwa mchumba wangu. Yeye naye ni mtu wa Njombe, lakini alishanitangulia mjini, akawa anafundisha shule ya msingi na kuishi kwa dada yake Mbweni. Wazee wetu walishakaa na kuelewana, ikabaki harusi yenyewe. Tulikubaliana nitafute nyumba, niishi humo peke yangu mpaka siku ifike, na yeye aje tukishatoka kanisani.

Mtu mwenye akili zake, anayefanya kazi Chang'ombe, angepanga Temeke hapo jirani. Mimi nilipanga Madale, upande mwingine kabisa wa mji, kwa sababu dalali aliniambia kuna vilima. Kusikia vilima nikaona ukungu, nikaona miti ya misindano, nikaona nimekaa kibarazani na kikombe cha chai huku sweta likipata kazi. Nikakubali kabla sijaiona nyumba. Vilima vipo kweli. Ukungu hakuna. Jua la Madale linapanda kilima pamoja na wewe na linafika juu kabla yako.

Niliingia kazini asubuhi na mapema na kutoka mchana, kwa hiyo jioni nzima nilikuwa nyumbani, nikisikiliza feni. Sikumjua mtu. Nilijitahidi kusalimia kama tunavyosalimiana kwetu, salamu yenye mwanzo, katikati na mwisho. Siku moja nilimwambia dereva wa bodaboda pale kituoni, "Habari za asubuhi? Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Watoto wazima?" Akanitazama, akavaa kofia yake ngumu, akasema, "Braza, unaenda au huendi?"

Mwenye nyumba wangu alikuwa mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Temeke, aliyejenga Madale na marehemu mumewe wakati huko bado kukiwa pori. Alishakwenda kuhiji, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Hajati. Yeye alikaa nyumba ya mbele, mimi nyumba ndogo ya uani. Asubuhi alikaanga vitumbua, na jioni alikaa barazani akiangalia nani anapita, anakwenda wapi, na kwa nini. Mimi alinichunguza muda mrefu. Kisha siku moja aliniita.

"Mwanangu, nasikia unaoa."

Sikujua amesikia wapi. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote Madale jambo lolote zaidi ya habari za asubuhi.

"Ndiyo, Hajati."

"Kamati yako iko wapi?"

"Sina kamati, Hajati. Tunataka harusi ndogo tu. Tukitoka kanisani tunakwenda Mbweni kwa shemeji, tunakula wali, basi."

Aliweka mkono kifuani kana kwamba nimempa habari ya msiba. "Maskini wa Mungu. Huna watu."

"Watu ninao. Wako Njombe."

"Njombe mie naijuaje? Hapa huna watu. Haya, usilie, mie nipo."

Nilikuwa silii. Lakini nilipofungua mdomo kumwambia hivyo, alishaanza kupiga simu.

Jumapili iliyofuata nilirudi kutoka kanisani nikakuta baraza limejaa watu nisiowajua, wanakunywa chai kwa maandazi na kupanga harusi yangu. Mwenyekiti alishachaguliwa. Alikuwa mwanajeshi mstaafu anayekaa ng'ambo ya barabara, baba mwenye mwili mkubwa na tumbo lililotangulia mbele yake kwa kujiamini. Kila mtu alimwita Afande. Walimchagua, kama nilivyoelewa baadaye, kwa sababu alikuwa na sauti ambayo hakuna mjumbe mwingine angeweza kuizidi. Aliniona nimesimama getini na Biblia yangu mkononi.

"Wewe nani?" akaniuliza.

"Mimi ndiye bwana harusi."

"Umechelewa kikao. Kaa."

Nikakaa. Habari za michango sitazisimulia hapa. Aliyewahi kuoa mjini anazijua, na ambaye hajaoa aachwe apate usingizi. Itoshe kusema kwamba mpaka maandazi yanaisha, ile harusi yangu ndogo ya wali wa Mbweni ilishakuwa na ukumbi, sare za kitenge, mshereheshaji na gari la maua. Nilijaribu kusema neno. Afande akaniambia hoja yangu imepokelewa, na ikaishia hapo.

Jioni nilimpigia mchumba wangu.

"Ukumbi?" akasema. "Nani kasema ukumbi?"

"Kamati."

"Kamati gani?"

"Ya majirani."

Akasema taratibu, kwa ile sauti anayoitumia kwa watoto wa darasa la kwanza, "Wewe si uliniambia juzi kwamba humjui hata mtu mmoja huko?"

"Bado siwajui. Ila wao wananijua."

Nilitegemea akasirike. Lakini dada yake, ambaye alikuwa amekaa karibu na simu, aliruka kwa furaha mpaka nikamsikia. Shemeji yangu huyo alikuwa mwalimu mkuu wa shule fulani, mrefu, mwenye mwendo wa gwaride, na alikuwa amekubali ile harusi ndogo kwa shingo upande. Sasa akapata wenzake. Kuanzia hapo yeye na Hajati walikuwa wakizungumza kwa simu kila siku bila kunishirikisha.

Katika kikao kilichofuata ndipo lilipozuka suala la kucheza.

"Unaingiaje ukumbini?" Hajati akaniuliza mbele ya wajumbe.

"Natembea," nikasema. "Nimemshika mkono bibi harusi, tunatembea mpaka mbele, tunakaa."

Baraza zima likacheka. Hajati hakucheka. Alinionea huruma.

"Siku hizi hakuna bwana harusi anayetembea, mwanangu. Kutembea anatembea mtu anayekwenda chooni. Mwenzio anaingia na mdundo. Hebu simama, onyesha mguu."

Nikasimama, nikacheza ninavyojua, yaani kama tunavyochezaga kwaya kwetu: hatua moja huku, hatua moja kule, mikono imetulia, uso wa sala.

"Huyu anapima kiwanja," akasema Afande.

Ikaamuliwa nifundishwe. Hajati mwenyewe akajitolea kuwa mwalimu. Ujanani alikuwa mchezaji hodari wa ngoma zote za wanawake kule Temeke, na aliniambia, akiwa amekaa na tasbihi yake mkononi, kwamba yeye alihiji lakini magoti yake yanakumbuka kila kitu. Tatizo likawa nani atacheza na mimi. Mchumba wangu asingeweza, kwa sababu Hajati alikataa kabisa mwali aonekane nyumba ya bwana harusi kabla ya siku. Hajati mwenyewe asingeweza kumshika mkono kijana wa watu. Wanawake wengine wa mtaa walikuwa na waume, na waume walikuwa na macho.

Afande akasimama, akavuta suruali juu.

"Nitacheza mimi," akasema. "Jeshini nilikuwa bendi. Mdundo ninao."

Basi hivyo ndivyo nilivyojikuta jioni baada ya jioni, uani kwa Hajati, Madale, nimeshikana mikono na mwanajeshi mstaafu mwenye viganja vipana kama sinia, tunatazamana usoni, spika ikipiga muziki wa kubembeleza. Hajati alikaa kwenye mkeka akitoa amri. "Mbili kulia! Mbili kushoto! Bonyea! Zunguka!"

Afande alicheza vizuri ajabu. Mwili ule mzito ulipopata mdundo ulikuwa mwepesi kama wa mtoto. Ila alikuwa na kasoro moja: hakuweza kufuata mtu. Maisha yake yote alikuwa ama anapewa amri na mkubwa wake au anawapa wadogo zake, na mimi sikuwa mkubwa wake. Akianza kwenda upande, mimi nilikwenda. Akiinua mkono, mimi nilizunguka chini yake.

Hatua ya mwisho Hajati aliiita kulalia. Muziki unakata, mmoja anajiachia nyuma kama anayezimia, mwenzake anampokea kwa mkono mmoja, ukumbi unalipuka kwa vigelegele.

"Afande, jiachie," Hajati akasema mara ya kwanza.

Wote watatu tukafikiri. Afande akalitazama tumbo lake, kisha akaitazama mikono yangu.

"Ataumia mtu," akasema. "Ajiachie kijana."

"Nijiachie mimi?"

"Jiachie kwanza uielewe," akasema Hajati.

Nikajiachia, nikaielewa. Nikaendelea kuielewa jioni zote zilizofuata. Niliwahi kuuliza, sitaki kusema sikuuliza. Nilisema, "Hajati, mbona mimi ndiye ninayezungushwa? Na mimi ndiye ninayelala?" Akanijibu bila kuinua macho, "Mwanafunzi si ndiye anayezungushwa? Ukishajua mwenye kupokelewa anavyojisikia, utashindwa kumpokea mwenzio?"

Na ukweli ni kwamba nilizoea. Kule ghalani nilikuwa mtu mpya anayepigiwa kelele na madereva wa malori. Njiani nilikuwa mtu wa kusukumwa. Nyumbani nilikuwa na feni. Lakini jioni kulikuwa na mahali ambapo nilifumba macho, nikajiangusha nyuma bila kuangalia, na mkono mmoja mkubwa ukanipokea kila mara. Nilianza kutoka kazini haraka haraka.

Mtaa nao haukubaki nyuma. Kwanza walikuja watoto, wakapanga mstari nyuma yetu na kufuatisha kila hatua. Kisha wakaja mama zao kuwatafuta, wakakaa. Kisha mwenye genge akahamisha nyanya zake akaziweka karibu na geti la Hajati, kwa madai kwamba huko ndiko wateja waliko. Nikipita asubuhi, yule dereva wa bodaboda asiyependa salamu ndefu alinipungia kofia. "Bwana harusi! Mbili kulia!" Nami nilipiga mbili kulia, na begi langu la kazini begani. Mafundi waliokuwa juu ya paa la nyumba fulani walikuwa wakiacha nyundo na kuimba, "Bonyeaaa!" Hata ghalani, mwenye mashine ya kubebea mizigo alinikuta nyuma ya ndoo za rangi nyeupe nikizunguka peke yangu na mkono mmoja juu. Akazima mashine, akaniuliza kama nimekula.

Mchumba wangu naye alikuwa akijifunza kwao Mbweni. "Dada ananinyoosha," aliniambia. "Jana nimezungushwa mpaka nikaona kizunguzungu. Wewe je, unaweza?"

"Ninaweza sana. Utashangaa."

"Ukinipeleka vizuri, mimi nitafuata."

Nikasema ndiyo. Sikulitafakari neno hilo hata kidogo.

Wiki ya mwisho Hajati alilegeza sheria. Alikubali mimi na mchumba wangu tukutane mara moja tufanye mazoezi pamoja, mradi mwali asiingie getini, tuchezee barabarani. Siku hiyo mvua ikanyesha. Mvua ya Madale haina mzaha, inashuka kilimani na kila ilichokikuta. Shemeji alimleta mdogo wake kwa gari mpaka chini ya kilima, wakakuta barabara imekatika. Mahali palipokuwa na makalvati pamekuwa korongo la maji mekundu yanayokimbia na madumu matupu ya watu. Mvua ilipokatika nilishuka na Afande mpaka ukingoni. Wao walikuwa ng'ambo.

"Turudi tu!" nikapaza sauti.

"Turudi wapi?" shemeji akajibu kwa sauti ya paredi. "Chezeni hapo hapo!"

Afande akaunga mkono hoja. Akaiweka simu yake juu ya jiwe, muziki ukaanza, shemeji naye akauwasha kwenye simu yake kule ng'ambo, ukachelewa kidogo kuliko wetu. Basi tukacheza, mimi huku, mchumba wangu kule, maji katikati, na suruali nimekunja magotini. Mbili kulia. Nikaenda kulia kwangu. Nilipoinua macho nikaona mwenzangu naye ameenda kulia kwake, yaani mimi nimeelekea bondeni na yeye ameelekea Tegeta. Nikamwona amesita. Nikacheka moyoni kwa upendo: maskini, amekosea. Sikutaka kumwaibisha mbele ya dada yake. Nikasema kimoyomoyo, siku yenyewe atanifuata tu. Nikampigia makofi.

Naye akanipigia makofi. Miezi mingi baadaye aliniambia kwamba wakati ule alimwambia dada yake, "Amekosea maskini, lakini tusimseme, siku yenyewe atakaa sawa."

Wazazi wangu walifika na basi la kutoka Njombe siku mbili kabla ya harusi. Baba yangu ni mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache huyatumia kwa ng'ombe. Alishuka amevaa koti zito na kofia ya sufu, jasho linamtiririka, akakataa kabisa kuvua, kwa sababu anakwenda ugenini. Afande alikuja kumpokea getini, amekakamaa kama anakagua gwaride.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mimi ndiye nacheza na kijana wako."

Baba akanitazama mimi. Akamtazama Afande kuanzia juu, akafika tumboni, akapumzika hapo.

"Mnacheza nini?"

"Muziki, mzee. Kila jioni."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya harusi."

Baba akavua kofia hatimaye. Akamgeukia mama, akamwambia neno kwa Kibena ambalo sitalitafsiri, na mama akamwambia anyamaze, mji una mambo yake.

Kanisani kila kitu kilikwenda sawa. Mchungaji aliuliza, tukajibu, pete ziliingia. Nilimwona mke wangu, ambaye sasa naweza kumwita mke wangu, katika gauni lake jeupe, kubwa, lenye matabaka mengi chini kama keki ya ghorofa, nikasahau hata jina la mtaa ninaokaa. Kutoka hapo tukazungushwa na gari la maua hadi jioni, tukafika ukumbini, njia ya Tegeta. Ndani walikuwa wameshakaa watu wa Madale na watu wa Mbweni, wote kwenye vitenge vyao. Hajati alikuwa meza ya mbele na mtandio mpya. Afande alikuwa karibu naye, kifua mbele.

Mshereheshaji akatangaza. Milango ikafunguliwa. Muziki ule ule wa uani ukaanza, nikasikia miguu yangu inachangamka yenyewe.

Tulifika katikati ya ukumbi tukageukiana, tukashikana mikono. Nikamtabasamia, akanitabasamia. Nikasubiri apeleke. Naye akasubiri. Mdundo ukapita, ukapita tena.

"Twende," akaninong'oneza.

"Twende," nikamjibu.

Mbili kulia. Mimi nikaenda kulia kwangu, yeye akaenda kulia kwake, mikono ikanyooka mpaka ikafika mwisho, tukarudishana katikati kama mlango wa duka unaofungwa na upepo. Mbili kushoto, vivyo hivyo. Watu wakaanza kushangilia. Nikamwona Afande amesimama taratibu kwenye kiti chake, ameshika kichwa. Nadhani ndiye mtu wa kwanza katika ukumbi ule kuelewa.

Zunguka. Mimi niliinama nipite chini ya mkono wake. Yeye akainama apite chini ya mkono wangu. Hakuna mkono uliokuwa juu. Tukagongana vichwa, shela yake ikanasa kwenye kifungo cha koti langu, tukajikuta tumefungana kama mizigo, kila mmoja akimwambia mwenzake, "Inua mkono! Inua wewe!" Tukajinasua. Muziki ulikuwa unakaribia mahali pa kulalia. Nilipajua mahali hapo. Mwili wangu ulipajua kuliko mimi. Spika ikakata, nikafumba macho, nikajiachia nyuma kwa moyo mmoja.

Nilipokelewa. Mkono ule ule, mkubwa, imara, wenye harufu ya sabuni ya mche. Nikafumbua macho nikauona uso wa Afande juu yangu, unahema. Alikuwa ameruka meza, au ameipita chini, mpaka leo mashahidi hawajaafikiana. Alikimbia kuja kuokoa jahazi, na alipofika akakuta watu wawili wanaanguka kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake. Hakuwa na muda wa kufikiri. Akamdaka yule aliyemzoea.

Mke wangu alishuka chini kwa kukaa. Lile gauni lilimpokea vizuri kuliko ambavyo ningempokea mimi. Lilitanuka pande zote likatoa pumzi ndefu, na yeye akabaki katikati yake, ameketi kwenye zulia kama ua kwenye bakuli.

Mshereheshaji, ambaye maneno ndiyo kazi yake, alikosa hata moja.

Kisha mke wangu akainua uso, akatazama pale nilipolala mikononi mwa mwanajeshi mstaafu, akasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "Afande, na mimi je?"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kilianza meza za Madale, kikaenda Mbweni, kikarudi. Hajati alijifunika mtandio uso mzima, mabega yakitikisika. Baba yangu, katika koti lake, alicheka mpaka akalazimika kumshika mama. Nilikuwa sijui kwamba baba ana pengo upande wa kushoto. Afande, bila kuniachia, akanyoosha mkono wake wa pili, akamnyanyua mke wangu na gauni lake lote, na kwa kuwa muziki ulikuwa umeanza tena, akaanza kutembea na mdundo kuelekea mbele, sisi wawili tumebanwa kwapani mwake, mmoja kila upande. Mshereheshaji akazinduka. "Mabibi na mabwana, mtindo mpya kutoka Madale!" Watu wakapiga kelele, "Rudia! Rudia!"

Hatukurudia. Tulipokuwa tunalishana keki ndipo tulipopata nafasi ya kuulizana.

"Wewe ulijifunza na nani?" nikamnong'oneza.

"Na dada. Dada ndiye alikuwa mwanaume. Wewe je?"

Nilimwonyesha kwa macho tu Afande, aliyekuwa anajifuta jasho na kitambaa cha meza. Mke wangu akapaliwa na keki, ikabidi aletewe maji.

Shemeji alikasirika kwa muda mfupi, zaidi kwa sababu mwanafunzi wake alifanya kila kitu sawasawa na hakupata alama. Hajati alishikilia, na anashikilia mpaka leo, kwamba kosa lilikuwa la zulia.

Jumatatu tuliamka Madale, mimi na mke wangu, katika nyumba yetu ya uani yenye kitanda na feni na viti vya plastiki. Alipotoka kwenda gengeni alichelewa kurudi mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi. Alirudi na nyanya ambazo hakuomba, ndizi ambazo hakuomba, na habari za mtaa mzima. "Wote wanakujua," akasema, ameshangaa. "Hata yule wa bodaboda ameniuliza nimeamkaje na kama nyumbani hawajambo. Wewe si uliniambia watu wa hapa hawasalimii?"

Kabla sijamjibu, tukasikia hodi. Alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, na hotpoti kubwa mikononi, ambaye hata mimi sikumfahamu. Alikuwa mke wa Afande. Muda wote wa mazoezi alikuwa Tanga anamuuguza mama yake, na alikuwa amerudi asubuhi ile ile. Mke wangu akamkaribisha, akamwamkia kwa heshima, "Shikamoo, mama." Akamvutia kiti.

"Marahaba, mwanangu. Sikai sana. Nimeambiwa mambo mengi kwenye simu, nikasema nifike mwenyewe." Akaiweka hotpoti mezani, akatazama huku na kule ndani ya chumba, uso umekazwa. "Nimekuja kumwona mke mwenzangu."

Mke wangu akageuka kunitazama, amechanganyikiwa, kijiko mkononi. Yule mama naye akanitazama, kuanzia miguuni mpaka kichwani, polepole, kama mtu anayechagua samaki.

"Kumbe ni huyu," akasema. "Mwembamba hivi? Haya, njoo ule, mwenzangu. Mzee wetu anapenda tuliojaa."